Kaka, Bega la Mwanao Limepona

Brooklyn Park, Minnesota, Jumapili baada ya ibada

Kaka Ambakisye,

Sikuulizi hali. Barua zetu za nyumbani huanza kwa kuuliza hali, lakini yako naijua. Mimi ndiye niliyekuvalisha suti na kukufunga tai, na hata hiyo tai ilinisumbua, maana ulikuwa na tabia ya kuivua bila kufungua fundo. Nakuandikia kwa sababu nimekukasirikia. Kila nikikukasirikia nimezoea kukwambia wewe mwenyewe, na sijapata mtu mwingine wa kumwambia.

Kwanza habari za nyumbani. Wifi Tabitha bado yuko Tukuyu. Alikusindikiza, amekuzika vizuri, mvua ilinyesha kama kawaida ya kwetu, arobaini imepita na matanga yameanuliwa. Atarudi mama akipata nguvu kidogo. Binti yako Atupele yuko kwangu kwa sababu shule haisubiri msiba. Gari lako naliendesha mimi, na ule mlio uliokuwa unasema si kitu, ni kitu. Hotelini kwako Bloomington wameshaweka mtu mwingine, na kwenye ile kazi yako ya jioni hali kadhalika. Kanisani Brooklyn Center kiti chako bado hakina mtu. Usijivune. Kipo karibu na mlango na upepo unaingia.

Sasa tuje kwenye hasira zangu.

Wenzetu wote walipoingia nchi hii waliwapeleka watoto wao kwenye mpira wa miguu, au riadha, au kwaya. Wewe ulimwacha mwanao ajifunze hoki. Hoki, Kaka! Mtoto wa Kinyakyusa amevaa viatu vyenye visu, ameshika fimbo, anagombania kisahani cheusi juu ya barafu na mabinti waliozaliwa humo humo kwenye baridi. Nilipokuuliza ukasema ameanza mwenyewe pale nyuma ya maghorofa wanapomwaga maji yakaganda, na kwamba ana kipaji. Kipaji anacho, sibishi. Alipoanza kufunga magoli kwenye timu ya wasichana ya shule yao, hata mimi nilisimama kwenye benchi nikapiga vigelegele mpaka mzungu wa mbele akageuka kuangalia kama kuna mtu ameumia.

Lakini kuna jambo wewe na mimi hatukuwahi kukubaliana. Unakumbuka enzi zile timu kubwa ya hoki ya hapa ilipokuwa bado haijahamishiwa kusini, tukawa tunakaa kwako kuangalia runinga? Yule mchezaji wako uliyempenda aliumia goti, akakaa nje, akarudi, na mechi baada ya mechi hakufunga kitu. Wewe ulirusha mto ukutani. Ukasema, "Mapumziko ndiyo yaliyomuua! Nyota akipumzika anashika kutu." Mimi nikakwambia kilichomuua ni goti, na haraka ya kumrudisha. Ukaniambia nikauguze wazee wangu niachane na michezo. Kwako wewe mtu aliyeumia dawa yake ni kuendelea kucheza. Ulilisema kwa sauti kubwa, kama kawaida yako unapokuwa huna hakika.

Ulipofariki, Baba Mkubwa alipiga simu kutoka nyumbani. Akaagiza kwamba mtoto wa marehemu asiingie kwenye michezo wala vigelegele mpaka matanga yaanuliwe. Nikatii. Ungekuwepo ungecheka jinsi nilivyohangaika kumweleza kocha. Yule mama alikuja mwenyewe na bakuli la viazi na nyama lenye jibini juu, kama wanavyofanya watu wa hapa mtu akifiwa, akakaa kwenye kochi na koti lake halijavuliwa. Aliniuliza kwa upole kama si vizuri mtoto akarudi uwanjani akapate kusahau. Nikamwambia kwetu mtu hapewi nafasi ya kusahau, anakalishwa chini mpaka amalize kukumbuka. Aliitikia kwa kichwa. Sidhani kama alielewa, ila aliheshimu. Wazazi wengine hawakuheshimu. Kila nilipokwenda kumchukua mtoto shuleni kulikuwa na mmoja wa kuniuliza nyota wao anarudi lini, kama vile nimemfungia stoo.

Nyumbani nako simu. Wanakwaya wenzako, wale wapenda hoki wa pale kazini kwako, wote wamekuwa makocha. "Atashika kutu huyo." Maneno yako yaleyale! Umekufa, lakini maneno yako yanaendelea kunipigia simu na kuacha ujumbe kwenye mashine.

Basi wakati huo wa matanga, mtoto ametulia nyumbani, ndipo nikaanza kuona. Unajua kazi yangu. Kutwa nzima nainua watu, nawavalisha, nawageuza. Nikaona Atupele anavaa koti kwa kuanza na mkono wa kushoto, polepole, halafu wa kulia ndio unafuata. Wagonjwa wangu wa bega huvaa hivyo. Nikaona kikombe cha kabati la juu anakichukua kwa mkono wa kulia hata kama ana kitu kwenye mkono huo, anakiweka kwanza chini. Nikamwita nikamwambia anyanyue mikono yote miwili kama anamsifu Bwana. Wa kulia ulifika mbinguni. Wa kushoto uliishia sikioni. Nikamuuliza tangu lini, akasema, "It's fine, Shangazi, Baba alikuwa anashughulikia."

Baba alikuwa anashughulikia!

Nikampeleka kliniki kwa fizio, mtaalamu wa viungo, binti mmoja mpole mwenye miwani. Akalipapasa bega, akamuuliza lilianzaje. Kumbe aligongwa ukutani mwanzoni mwa msimu, kabla hata theluji haijakaa chini. Akamuuliza wamelitibu vipi. Atupele akaeleza kwa Kiingereza chake cha haraka kwamba kabla ya kila mechi baba yake alikuwa anamkanda. Fizio hakujua kukanda ni nini, akanigeukia mimi. Ikabidi mimi nieleze. Nikaeleza taulo, maji ya moto yenye chumvi, vidole gumba vinavyozama mpaka kwenye mfupa, Roba ya kupaka mwishoni. Kaka, yule binti aliacha kuandika. Alimwambia Atupele akavae viatu vyake nje, kisha akanieleza kwa sauti ya chini. Kano za bega zilivutika. Zilihitaji barafu na kuachwa zitulie. Badala yake kila wiki zilipashwa moto, zikasuguliwa kwa nguvu, na mtoto akapelekwa uwanjani wakati bega bado limelegea na halisikii kitu. Kila mechi aliumia upya palepale.

Barafu, Kaka. Umeishi kwenye jimbo ambalo barafu inaokotwa mlangoni, ukamkanda mwanao kwa maji ya moto.

Nilitoka pale nikibishana nawe. Unajua mimi nauguza mabega na nyonga za watu nisiowajua, na wewe dada yako hukuniuliza hata siku moja. Ungesema tu, "Tuse, hebu mwangalie mtoto." Lakini wewe ulificha bega la mwanao kama ulivyoficha presha yako. Dawa zako nilizikuta kwenye soksi, vidonge vimejaa chupa. Mficha maradhi kifo humuumbua, tuliimbiwa hilo tangu wadogo, na wewe ulikuwa wa kwanza kuwaambia wengine.

Nilizitazama zile kanda za video ulizokuwa unarekodi ukiwa juu ya benchi, na pumzi yako inasikika. Nikajua sasa cha kutazama. Magoli yake ya miezi ile ya mwisho karibu yote ni ya kipindi cha kwanza, bega likiwa bado na moto wako. Kipindi cha pili anaanza kukwepa ukuta. Cha tatu fimbo ameishika kwa mkono mmoja, mwingine unaning'inia, anasubiri mbele ya goli aletewe. Na sauti yako nyuma ya kamera inapiga kelele, "Jikaze, Atu! Jikaze!" Nilizima. Nikaenda jikoni nikaosha vyombo vilivyokuwa safi.

Chekesho lenyewe ni kwamba fizio aliagiza mapumziko, na mapumziko Baba Mkubwa alishayaagiza. Wazee wa Tukuyu na kliniki ya Minnesota walikubaliana bila kujuana. Arobaini yako ndiyo iliyomponya mtoto. Ungekuwa hai angecheza mpaka bega lingekatika, nalisema hivyo hivyo lilivyo.

Matanga yakaanuliwa, akafanya mazoezi yake ya kuvuta utepe wa mpira uliofungwa mlangoni, fizio akamruhusu. Akarudi uwanjani. Uwanja ulijaa. Na hakufunga.

Mechi ya kwanza alipiga nguzo. Ya pili alipata nafasi ambayo hata mimi ningefunga kwa mwavuli, akasita, kipa akakidaka kisahani. Ya tatu akawa anatoa pasi kila anapofika karibu na goli, kama kile kisahani kinamuunguza. Wazazi nyuma yangu wakaanza. Mmoja akasema kupumzika kumemharibu. Niligeuka, Kaka. Nilimwambia mwanangu huyu alikuwa anawafungia magoli kwa mkono mmoja na nusu, sasa ana mikono miwili na anajifunza kuitumia, kama haraka yao ni kubwa wavae viatu waingie wenyewe. Kwa Kiingereza haikutoka vizuri namna hiyo, lakini walielewa sura yangu.

Nilikuwa naona tatizo. Kila akikaribia ukuta bega linapanda lenyewe kujificha, ingawa haliumi tena. Bega limepona ila kichwa hakijaambiwa. Hilo nalo linachukua muda wake, na hakuna wa kuliharakisha. Wagonjwa wangu wanaojifunza kutembea upya huogopa sakafu miezi mingi baada ya mfupa kuunga. Mbona yule mchezaji wako naye hakuwa na kutu yoyote? Alikuwa na hofu tu. Tungeweza kubishana vizuri sana juu ya hili, na sasa nabishana peke yangu na nashinda, na kushinda hakuna ladha.

Jana ilikuwa mechi ya mwisho ya msimu, ya mtoano. Tukaegesha mapema. Nikashika mlango nitoke, Atupele akasema nisubiri. Akafungua begi lake la vifaa, akatoa chupa yako ya chai, ile ya maua mekundu, ameijaza maji ya moto, na taulo. Akahamia kiti cha nyuma. Akavua koti, akageuza mgongo, akasema, "Shangazi, nikande. Kama Baba."

Nikasema hapana. Akasema please. Nikasema hapana, bega limepona, halihitaji. Akaanza kulia, akasema bila hivyo hafungi, kwani sioni mwenyewe? Magoli yake yalikuwa mikononi mwa Baba. Hapo, Kaka, nilikuwa nimelibeba lile neno la fizio wiki kadhaa. Nilikuwa nimeapa kwamba mtoto hatajua. Binti aliyefiwa haambiwi kwamba mikono anayoililia ndiyo iliyomuumiza. Nililimeza asubuhi na jioni. Lakini unajua hasira zangu zilivyo, na injini inaunguruma, vioo vimejaa mvuke, na yeye ananining'inizia taulo usoni, mgongo bado amenigeuzia. Nikaropoka. Nikasema, "Baba yako alikuwa anakuumiza, Atupele! Yale maji ndiyo yaliyokuwa yanalimaliza bega lako!"

Nikatamani theluji inifukie na gari lako bovu.

Akajibu bila kugeuka. "I know, Shangazi."

Alijua. Alijua tangu mwanzo, Kaka. Kila baada ya mechi ambayo umemkanda lilimuuma mara mbili, usiku hawezi kulilalia. Shuleni mwalimu wao wa viungo alishawahi kumwambia aweke barafu. Hakukwambia. Nikamuuliza kwa nini. Akasema kwa sababu wakati ule tu ndipo ulikuwa unakaa. Asubuhi uko Bloomington, jioni uko kwenye kazi ya pili, Jumapili uko kwaya, ukirudi umelala na viatu. Lakini kabla ya mechi ulikuwa unaingia kiti cha nyuma, unakunja mikono ya shati, na ukishashika bega lake unaanza kuhadithia. Ulimhadithia Tukuyu yote. Migomba, ukungu, bibi na ng'ombe wake mkorofi. Asipoumwa, huhadithii. Ndiyo maana akaendelea kuumwa.

Nimekukasirikia wewe, na jana nikamkasirikia na yeye. Familia gani hii? Mmoja anaumiza kwa mapenzi, mwingine anaumia kwa mapenzi, na wote mmefunga midomo kama mmeiba. Na mimi katikati nina chupa ya chai mkononi. Ungemuuliza tu mtoto habari zake bila kumshika popote, ungekufa? Nimeandika hivyo, sifuti.

Nilimmiminia yale maji kwenye kifuniko, akayanywa hivyo hivyo, ya moto, bila majani wala chumvi. Nikakaa naye nyuma mpaka kocha alipokuja kugonga kioo.

Hakufunga. Nakwambia ukweli kwa sababu ungetaka kujua kabla ya yote. Walifungwa, wametolewa, msimu umekwisha. Lakini kipindi cha tatu, Kaka, alikwenda ukutani. Binti mkubwa wa ile timu nyingine alikuwa anakuja, na Atupele alimwona, na bega halikupanda. Waligongana mpaka kioo kikatikisika. Akabaki amesimama, akatoka na kisahani, fimbo ameishika kwa mikono miwili, akampa mwenzake akafunga lile goli letu moja. Alinitafuta kwa macho kule juu. Akanyanyua mkono wa kushoto, ukafika mbinguni.

Njiani kurudi aliniambia kwamba hadithi moja hukuimalizia. Ile ya mwembe... hapana, alisema mparachichi wa nyuma ya jiko. Ulikuwa unamwambia kwamba shangazi yake alipanda, akaanguka, akaumia mkono, akalia kijiji kizima kikasikia. Ukifika hapo kila mara unasema mechi inaanza, unatoka. Akaniuliza iliishaje.

Mwongo mkubwa wewe! Aliyeanguka ni wewe. Aliyelia ni wewe. Mimi nilikuwa chini nimetandaza kanga kupokea maparachichi. Mama akakukanda mkono ule kila jioni kwa maji ya moto na majani ya mgomba, na ulikuwa unarudi chumbani umeuma meno, unaniambia nisimwambie Mama kwamba anakuumiza. Nilikudhani jasiri. Tulikuwa wengi mno kwenye nyumba ile, na Mama hakuwa na mikono ya kututosha. Jioni zile ulikuwa naye peke yako, na alikuwa anakuimbia. Nilikuwa nimelisahau kabisa, nimelikumbuka hapa mezani, kalamu ikiwa mkononi, na sasa siwezi hata kukukasirikia sawasawa. Umeniharibia na hilo.

Lala, Kaka. Nakuacha na mvua ya nyumbani, uliipenda kuliko sisi tulivyoipenda. Mwanao sitamkanda kamwe, hilo usiniombe hata ndotoni. Lakini nakuahidi nitakaa naye, bega likiwa zima, na nitamhadithia. Leo nikimaliza kuandika naanza na ule mparachichi, na mara hii namwambia mpaka mwisho, pale Mama alipokuwa anakuuliza, "Inauma, mwanangu?" nawe unasema hapana.

Mdogo wako,
Tusekile